Maneno Mawili ya Pankajam

Pankajam alikuwa na uso ambao watu waliuwashia taa na sauti ambayo watu waliifungia dirisha. Vyote viwili alipewa na Mungu, na hakuulizwa. Tangu aingie kwenye filamu akiwa msichana, waongozaji wa Kerala walimweka mbele ya kamera alie, asali, ambariki mwana anayeondoka kwenda Dubai, kisha wakamwambia asante, nenda nyumbani kapumzike. Sauti ilitiwa baadaye studio na mtu mwingine. Mwongozaji wake wa kwanza alimwambia waziwazi mbele ya watu, "Uso wako ni wa mama mzazi, lakini ukifungua mdomo ni kunguru kamwona paka." Watu wakacheka. Pankajam naye akacheka, maana alihitaji kazi.

Huyo mtu mwingine aliitwa Lilly. Alikuwa mama wa Kikatoliki kutoka Ollur, mnene, mwenye rozari mkobani, kisukari mwilini na asali kooni. Miaka yote hiyo Pankajam alipotikisa midomo, aliyesikika ni Lilly. Hata Pankajam alipocheza Devi, mungu mama mwenye mikono minane, katika tamthilia iliyowafungia watu wa Thrissur majumbani kila Jumapili, Devi alizungumza kwa koo la Mkatoliki na hakuna aliyeshtuka, maana hakuna aliyejua. Watu walikata picha ya Pankajam gazetini wakaibandika ukutani na kuivika maua. Sokoni wauza samaki walimwinamia mpaka aulize bei. Akishauliza bei waliinuka haraka, wakamtazama kama mtu aliyewatapeli.

Kwa hiyo Haridas, kijana mwenye ndevu za siku nyingi na filamu moja tu kwa jina lake, alipomjia nyumbani na kumwambia anataka uso wake pamoja na sauti yake, Pankajam aliweka chini bakuli la maharage.

"Sauti ya nani?"

"Yako, Mama."

"Umeshawahi kuisikia?"

"Ninaisikia sasa hivi. Na mbwa wa jirani yako anaisikia, kaanza kubweka."

Pankajam akampenda hapo hapo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Swami mmoja, mtawa wa Kihindu, anajaza pumzi yake kwenye chupa, anaziba kwa kizibo na kuwauzia waumini, nao wanakwenda nyumbani, wanafungua na kunywa utupu kwa heshima zote. Kila siku Swami anatoka na amri mpya. Mungu hapendi vitunguu siku ya Alhamisi. Mungu anataka mlale vichwa kuelekea lango la Swami. Mungu kasema wajane wasicheke. Nje ya lango hilo anakaa mjane Kalyani, mkaanga bhajia za dengu, ambaye kila ikitangazwa amri huinua uso kutoka kwenye karai na kuuliza, "Nani kasema?" Basi. Hahubiri, hatukani, hatupi jiwe. Anauliza, halafu anageuza bhajia zake. Kalyani ndiye Pankajam, na maneno hayo mawili ndiyo yalikuwa uti wa mgongo wa kazi nzima.

Siku ya kuingiza sauti Pankajam alisimama mbele ya kipaza sauti kwa mara ya kwanza maishani. Akajiona kwenye skrini kubwa anafungua mdomo, akafungua na wake, na ile sauti ya kunguru ikatoka ikaingia mahali pake. Mafundi wa studio waliangua kicheko, tena cha furaha, kile kicheko cha mtu aliyesikia ukweli bila kutarajia. Siku hiyo alilia kwenye gari mpaka Thrissur, na safari hii hakukuwa na kamera.

Kisha filamu ikapelekwa kwa kamati ya ukaguzi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Velayudhan, mzee mpole aliyevaa msuli mweupe uliopigwa pasi mpaka hauna kunyanzi hata moja. Aliwaita Haridas na Pankajam, akawaagizia chai, akawasifu.

"Filamu nzuri," akasema. "Matusi hamna. Uchi hamna. Mungu hamkumgusa. Yule Swami wa chupa hatuna shida naye, matapeli wapo. Shida yetu ni yale maneno mawili ya mama hapa."

"Nani kasema?" akauliza Haridas, kwa maana ya kutaka kuhakikisha.

"Hayo hayo. Yanaumiza hisia."

"Hisia za nani, mzee?"

"Za watu."

"Watu gani?"

"Watakaoumia."

Pankajam alikuwa amejiapiza kukaa kimya, maana Haridas alimwomba sana. Lakini mdomo ulimshinda. "Na nani kasema wataumia?" akauliza.

Mjumbe mmoja kijana akacheka chai ikampalia, wakamgonga mgongoni. Velayudhan hakucheka. Alimtazama Pankajam kwa huzuni, kama mtu aliyeletewa ushahidi wa kesi mpaka mezani.

"Mama, unaona? Swami akisema jambo, mtu akajibu sikubali, hayo ni maoni, tunaruhusu. Lakini ukimuuliza nani kasema, umemfanya kila mtu ukumbini ajiulize. Leo atajiuliza juu ya Swami wa chupa. Kesho je? Atajiuliza juu ya kuhani wake, padri wake, ustadhi wake. Kesho kutwa atajiuliza juu yangu mimi." Akanywa chai. "Tieni 'Kweli, Swami' pale penye yale maneno. Midomo inakaribiana, hakuna atakayegundua. Hamtaki, basi pazibwe sauti, pabaki kimya. Hiari yenu."

Ndiyo hiari hiyo. Mtu anakuuliza ukatwe mkono au ukatwe mguu, halafu anakusifu kwa uhuru ulio nao.

Njiani kurudi, walipokuwa wanavuka mto, Haridas akasema kwa sauti ndogo kwamba kimya hakiwezekani. Wenye kumbi watadhani mashine imeharibika, watu watapiga miluzi na kupasua viti, filamu itashushwa kabla ya jua kuzama. Bora "Kweli, Swami". Watakaoelewa wataelewa.

"Wataelewa nini?" Pankajam akafoka. "Kwamba Kalyani naye kanunua chupa? Mwanangu, mimi nimesema ndiyo kwenye filamu tangu hujazaliwa. Ndiyo baba, ndiyo mume wangu, ndiyo mwanangu, ndiyo Mungu wangu. Na hata hizo ndiyo sikuzisema mimi. Umenipa maneno mawili ya kwangu, sasa unakuja kuyachukua?"

"Sina njia, Mama."

"Mimi sisemi."

"Basi nitamwita Lilly."

Pankajam akageukia dirisha. Lilly angeweza, hilo ndilo lililomchoma. Lilly angeweza kuiga hata mlango.

Siku ya studio alikwenda akakaa nyuma ya kioo, hakualikwa. Alitaka aone kwa macho yake sauti yake inavyozikwa. Lilly aliingia akihema, akavua viatu, akabusu msalaba wa rozari yake kama alivyofanya kabla ya kila kazi, akasimama mbele ya kipaza sauti. Hakumpungia mkono Pankajam. Yeye filamu hiyo hakuipenda tangu awali na aliwahi kumwambia hivyo, kwamba kuwacheka watu wa dini ni kujitafutia balaa.

Picha ikaanza. Swami akatangaza kwamba wajane wasicheke. Kalyani akainua uso, akafungua mdomo. Kimya.

"Lilly dada, hapo ndipo pako," akasema Haridas.

"Nimeona. Rudisha."

Wakarudisha. Swami akatangaza, Kalyani akafungua mdomo. Kimya.

"Dada?"

"Koo limekauka."

Wakamletea maji ya moto na tangawizi. Akanywa yote taratibu, akafuta mdomo, wakarudisha picha, na Lilly akasimama amekunja mikono juu ya tumbo akimtazama Kalyani anavyotikisa midomo peke yake.

"Dada Lilly, unanitania?"

"Hari, nisikilize." Sauti ya asali ikajaa chumba kizima. "Mimi ni mjane. Mume wangu alipokufa alikuja mtu kanisani akaniambia Mungu kamchukua kwa sababu nilikosa misa. Nilikaa na hilo neno mwaka mzima, silali. Sikumuuliza nani kasema. Laiti ningemuuliza! Mimi namwamini Mungu, tena sana, kuliko ninyi wote humu ndani. Ndiyo maana sitamtia huyu mama uongo mdomoni. Tafuta mwingine."

"Sina pesa ya mwingine!"

"Basi ni mapenzi ya Mungu," akasema Lilly, akavaa viatu vyake.

Pankajam alitoka nyuma ya kioo, akamkuta mlangoni anahangaika na kamba ya kiatu, akapiga magoti akamfungia.  Filamu ikabaki na kimya pale penye maneno yale.

Ikaonyeshwa mara ya kwanza mjini Thrissur, katika ukumbi wa Chandrika, mchana wa Ijumaa. Mwenye ukumbi alikubali kuiweka siku hiyo moja tu. Ikienda vizuri itaendelea, watu wakipasua viti inashuka, na kumbi nyingine zote zilikuwa zinasubiri kusikia. Kwa maneno mengine, kufa na kupona kwa Kalyani kulikuwa kwenye maonyesho hayo ya mchana.

Mbele ya mlango walikuta wanawake wamekaa ngazi nzima. Walitumwa na swami mmoja wa pale mjini ambaye hakuiona filamu, ila alijitambua. Wamevaa sari za rangi ya manjano, wana taa za shaba, wanaimba, na mtu hawezi kupita bila kumruka mama mzima, jambo ambalo hakuna mtoto wa watu angelithubutu. Wenye tiketi walisimama barabarani wakitazamana. Kiongozi wa wale wanawake alikuwa Karthyayani, mama mwembamba mwenye sauti ya kuongoza harusi na matanga.

Haridas alikuwa amekwisha kukata tamaa. Pankajam akashuka kwenye teksi, Lilly akimfuata nyuma akihema. Nyimbo zikakatika. Karthyayani akasimama, taa mkononi.

"Devi," akanong'ona. "Mama yetu. Wewe, kwenye filamu hii?"

"Mimi. Tupisheni dada zangu, miguu inaniuma."

Ikawa kama soko la samaki. Wanawake wakaruka nyuma. "Si yeye!" akapiga kelele mmoja. "Devi sauti yake hii? Huyu ni jini kavaa sura yake!" Mwingine akaanza kulia. Mmoja akaokota kandambili yake, akaishika tayari.

Lilly aliiona ile kandambili, na akafanya jambo ambalo baadaye aliliungama kwa padri. Alikohoa, akanyoosha shingo, akatoa ile sauti ya Jumapili jioni: "Wanangu. Wekeni chini viatu. Mnipishe njia."

Wote wakaanguka kifudifudi, mbele ya Lilly. Mama wa Ollur mwenye rozari mkononi akazungukwa na vichwa vya wanawake wa Kihindu vilivyogusa lami, macho yamemtoka pima. "Yesu wangu nisamehe," akasema, kwa sauti ile ile tukufu, na wao wakaitikia, "Tusamehe!"

Njia ilikuwa nyeupe. Haridas akamshika Pankajam mkono. "Twende, Mama, upesi, kabla hawajainuka!"

Pankajam hakwenda. Aliwatazama wale wanawake, migongo yao, mvi zao, nyayo zao zilizopasuka, na hasira ikampanda, si juu yao. "Hapana," akasema. "Nikipita hivi nimewauzia chupa." Akapiga kofi mikononi. "Inukeni! Inukeni nyote! Huyu anaitwa Lilly, anakaa Ollur, ana sukari, msimpe halua. Yeye ndiye sauti. Mimi ni uso. Devi hayupo hapa, mtafuteni mnapomtafutia siku zote."

Walikaa kitako, vumbi kwenye vipaji vya nyuso.

"Na yule simba uliyempanda?" akauliza mmoja polepole.

"Godoro. Na mkia wa kamba."

"Na mikono minane?" akauliza Karthyayani, akionekana kuombea angalau hiyo iwe ya kweli. "Mikono niliiona ikitembea."

"Miwili yangu. Mingine ya wasichana watatu waliobanana nyuma yangu. Mmoja wao alikuwa akinitekenya kila ninapotaka kumuua yule shetani. Mnakumbuka Devi alitabasamu alipomkata kichwa?"

"Kuhani alituambia lile ni tabasamu la rehema!"

"Lilikuwa la kwapa."

Walitazamana pale ngazini. Pankajam alidhani sasa kandambili itakuja. Kisha Karthyayani akaanza kutikisika mabega, akaziba mdomo kwa ncha ya sari, ikashindikana, akacheka mpaka taa ikazimika mkononi. Wenzake wakamtazama, na kicheko ni ugonjwa, kikawashika mmoja mmoja. Nusu yao waliondoka wakinung'unika. Nusu nyingine wakataka kujua kama filamu hii nayo ina godoro.

"Tiketi zinauzwa pale," akasema Pankajam. "Njooni mtazame, halafu mje kunitukana mkiwa na hoja."

Wakaingia, sari za manjano zikajaza safu za mbele.

Mara ya kwanza Kalyani alipoinua uso na mdomo wake ukatikisika bila sauti, yakatokea yale yale Haridas aliyoyaogopa. "Sauti! Sauti!" Miluzi. Mtu akagonga kiti. "Fundi kalala!" Pankajam, aliyekaa safu ya nyuma kati ya Haridas na Lilly, alinyoosha shingo aone nani anapiga. Haridas alikuwa ameinamisha kichwa magotini.

Mara ya pili wakanyamaza kidogo, wakamtazama mdomo. Waligundua si fundi. Penginepo pote walimsikia Kalyani, kwa sauti hiyo mbovu waliyoanza kuizoea. Hapa tu ndipo alipozibwa.

"Kasema ana njaa!" akabahatisha kijana mmoja, watu wakacheka.

Mara ya tatu Swami aliwaambia wajane wasicheke. Kalyani akainua uso, na kabla midomo haijamaliza kutikisika, kutoka safu za mbele ikaruka ile sauti ya kuongoza harusi na matanga: "Nani kasema?"

Ilikuwa Karthyayani. Hakusoma midomo, wala hakuambiwa na mtu. Ndilo neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelimeza miaka yote, likatoka tu. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, wakamtazama Kalyani kule juu, na midomo yake ilikuwa imelingana kabisa na maneno yale.

Baada ya hapo hakuna aliyezuilika. Swami akitangaza vitunguu, ukumbi mzima: "Nani kasema?" Akitangaza vichwa kuelekea lango: "Nani kasema?" Vijana walisema, wazee walisema, mkata tiketi alisema akiwa mlangoni, na Lilly alisema kwa asali yake yote huku akijifanya anakohoa. Kamati ilikuwa imeyaondoa maneno mawili kutoka mdomo mmoja, sasa yalikuwa kwenye midomo isiyohesabika, na hakuna mkasi wa kuifikia. Haridas alilia waziwazi. Pankajam peke yake hakusema. Alitaka awasikie.

Ikafika picha ya mwisho. Chupa zimevunjwa, waumini wametawanyika, Swami amebaki peke yake langoni mbele ya karai la Kalyani. Anainama, anamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe ni mkaanga bhajia. Mungu hasemi na watu kama wewe." Watu walivuta pumzi, tayari kunguruma.

"Ngojeni!" Karthyayani alikuwa amesimama juu ya kiti, amegeukia nyuma, mkono umeinuliwa. "Nyamazeni ninyi! Mwenyewe yupo! Mwacheni mwenyewe aseme!"

Vichwa vyote vikageuka. Ukumbi ukawa kimya, kimya ambacho hakikuamriwa na kamati yoyote. Lilly akamsukuma kiuno. "Simama, mwanamke. Safari hii mimi simo."

Pankajam akasimama. Juu ukutani Kalyani aliinua uso wake taratibu kutoka kwenye karai, mkubwa kuliko nyumba, moshi ukimzunguka. Wakatazamana, yeye na yeye. Midomo ya kule ikafunguka, ya huku ikafunguka pamoja nayo, na ile sauti waliyoifungia madirisha maisha yake yote ikapita juu ya vichwa vya watu wote, mbovu, kavu, yake.

"Nani kasema?"

Hakuna aliyecheka. Walisimama wote, safu kwa safu, na Pankajam akabaki amesimama nao mpaka taa zikawashwa.